Maji ya kuku wakati wa baridi kali: kazi yako ni ya muda wa saa tisa tu

Swali limetoka kwa dada aliyehamia Minnesota, Marekani, akitokea Mwanza. Nalifupisha kidogo:

"Shikamoo Daktari. Nina matetea sita kwenye banda la mbao nyuma ya nyumba. Tangu Desemba iingie, maji ninayowawekea alfajiri kabla ya kwenda kazini yanaganda hata saa tatu haijafika. Drinka ya plastiki ya lita tano imeshapasuka. Narudi saa kumi jioni nakuta barafu tupu. Mayai yameshuka kutoka matano kwa siku hadi moja. Jirani ananiambia nitumbukize chupa ya maji ya chumvi, shemeji yangu anataka kufunga taa kubwa ya joto bandani, na mume wangu anakataa nisipeleke maji ya moto kwa sababu Mtanzania mwenzetu Erasto Mpemba alishaonyesha kuwa ya moto huganda upesi zaidi. Bandani hakuna umeme, soketi iko ukutani kwa nje ya nyumba, kama mita kumi na tano. Nifanyeje?"

Marahaba, dada yangu. Swali lako nimelipenda kwa sababu na mimi nilipitia huko huko. Nilifuga Iringa kwa miaka sita nikidhani najua baridi ya Nyanda za Juu ni nini, mpaka nilipofika Minnesota mwaka 2016 na kukuta yai limeganda na kupasuka kwenye kiota kabla sijaliokota.

Nianze na jambo ambalo likikukaa vizuri, nusu ya wasiwasi wako itaisha. Kuku hanywi maji gizani. Jioni mwanga ukififia anapanda kwenye fito, anajikunja, na hashuki tena mpaka aone kumekucha. Katikati ya Desemba jua la Minneapolis linachomoza karibu saa mbili kasorobo asubuhi na kuzama kama saa kumi na nusu jioni. Hizo ni saa tisa pungufu. Maji yakiganda saa sita usiku hayamkoseshi kuku hata tone moja, kwa kuwa hakuna anayeyataka. Watu wengi wanahangaika kutafuta chombo kisichoganda usiku na mchana, wanatumia fedha nyingi, na kumbe sehemu kubwa ya joto wanalolilipia linawalinda kuku waliolala.

Tena kuyaacha maji bandani usiku kuna hasara yake. Maji yanatoa unyevu, kuku nao wanapumua unyevu usiku kucha, na unyevu ukikosa pa kutokea unatua juu ya upanga wa kichwani na ndevu za chini ya mdomo. Hapo ndipo baridi inapochoma. Ncha za upanga zinapauka, kisha zinakuwa nyeusi, na mwisho zinakauka na kudondoka. Kuku mkavu anastahimili baridi kubwa mno, ila kuku aliyelowa anaumia hata kwa baridi ya wastani. Kwa hiyo kila jioni wakishapanda, toa chombo cha maji, kimwage, kiingize ndani ya nyumba. Asubuhi ukiona sakitu imeganda upande wa ndani wa dirisha la banda, jua hewa haitoki. Fungua matundu ya juu, juu kabisa kupita vichwa vya kuku waliolala, ili unyevu upande na kutoka bila upepo kuwapiga.

Sasa ile drinka yako. Nadhani ni ile ya kawaida, mtungi umegeuzwa juu ya sahani, na maji yanashuka kidogo kidogo kwenye mfereji unaozunguka. Kwetu ni chombo kizuri sana. Hapa ndicho cha kwanza kushindwa. Itazame saa tatu asubuhi: mfereji una maji ya kina cha vidole viwili hivi, yamekaa wazi pande zote, nayo yameshakuwa barafu, lakini ukiutikisa mtungi utasikia maji ya juu bado yanachezacheza. Kuku wamezungukwa na lita nne za maji wasizoweza kuzifikia. Baadaye mtungi nao unaganda, na kwa kuwa maji yakigeuka barafu yanatanuka kwa karibu asilimia tisa, plastiki inapasuka. Haikuwa mbovu, ilifungiwa maji yakakosa pa kutanukia.

Hapo kuna hesabu moja ya kukusaidia. Kuyapoza maji kutoka nyuzi 10 za Selsiasi hadi 0 ni kazi ndogo kwa baridi. Kuyageuza maji hayo hayo ya nyuzi 0 kuwa barafu kamili ni kazi kubwa, yapata mara nane ya ile ya kwanza. Ndiyo maana beseni lenye maji mengi linakaa muda mrefu kwenye nyuzi 0 bila kuganda lote. Kinachokushinda si beseni zima kuwa jiwe, ni ule utando mwembamba unaotanda juu, kwani kuku haelewi kwamba chini yake kuna maji. Atagonga mara mbili, tatu, kisha ataondoka. Kwa hiyo lenga mambo mawili: maji yawe mengi, na uso wake ulio wazi uwe mdogo.

Matetea sita wanakunywa kama lita moja na nusu kwa siku, kila mmoja robo lita hivi. Wewe wawekee lita nane. Hizo sita na nusu za ziada si za kunywa, ni ghala la joto. Tafuta karai la mpira mweusi, lile linalouzwa kwenye maduka ya mifugo kwa ajili ya farasi na mbuzi. Mpira haupasuki. Likiganda unalipindua chini juu, unalikanyaga mara moja kwa buti, na bonge la barafu linatoka zima kama mkate kwenye sufuria. Nunua mawili, moja likiwa nje jingine linayeyuka ndani. Weusi wake nao unavuta jua, na Januari hapa siku zenye baridi kuliko zote mara nyingi ndizo zenye anga jeupe kabisa.

Karai hilo likalishe ndani ya tairi kuukuu la gari, na ule uwazi wa ndani ya tairi ujaze mabua makavu au lile povu gumu jeupe linalokuja kwenye maboksi ya televisheni. Povu lifiche vizuri, kuku wanapenda kulidonoa. Juu weka ubao wa duara uliotobolewa matundu mawili ya kutosha kichwa cha kuku kuingia. Ubao huo unasaidia kuliko watu wanavyodhani: unapunguza uso ulio wazi, unazuia maranda na kinyesi, na unawazuia kuku kusimama ukingoni na kulowesha miguu. Yote haya yakae uani chini ya paa, upande usio na upepo. Utabiri ukitaja ile baridi inayohisiwa kwa sababu ya upepo, nyuzi 30 chini ya sifuri wakati kipimajoto kinasema 18, ujue maji hayatashuka chini ya hizo 18. Ila upepo utayafikisha huko haraka zaidi, ndiyo maana kizuizi cha upepo ni muhimu.

Nije kwa Mpemba, maana mume wako hajakosea kumtaja na sisi tuna haki ya kumwonea fahari. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Yeye alichemsha maziwa na sukari, akaogopa kukosa nafasi kwenye friji, akayatia yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alibezwa darasani. Hakuacha kuuliza. Baadaye akiwa Iringa alimuuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala kuhusu jambo hilo. Mpaka leo wanafizikia wanabishana linatokea lini na kwa nini, na wapo waliorudia jaribio wasilione kabisa.

Hata hivyo maziwa ya Mpemba yalikuwa ya moto sana, machache, ndani ya friji. Wewe unapeleka lita nane za maji ya vuguvugu kwenye karai lililofunikwa ubao. Mimi nimepima uani kwangu, nje kukiwa na nyuzi 12 chini ya sifuri: makarai mawili sawasawa, moja maji ya bomba ya baridi, jingine maji ya joto la kuogea mtoto. Lile la vuguvugu lilianza kutanda barafu karibu saa mbili baada ya mwenzake. Saa mbili kati ya tisa ni nyingi. Basi peleka ya vuguvugu bila wasiwasi. Yasiwe ya kufuka mvuke, kwa sababu mvuke huo utatua kwenye panga zao. Kitu kingine nilichokiona ni kwamba asubuhi ya baridi kuku wanayakimbilia maji ya vuguvugu na kunywa kwa muda mrefu, wakati ya baridi wanayagusa na kuyaacha.

Chupa ya chumvi. Jirani yako ana nia njema, na shauri hili limeenea mno. Maji ya chumvi yaliyo ndani ya chupa yenyewe hayagandi upesi, ni kweli, lakini hayana joto la kuyapa maji yaliyo nje ya chupa. Chupa ikielea kwenye bwawa na upepo ukiichezesha, inaweza kuvunjavunja utando wa juu. Kwenye karai la kuku lililokingwa upepo, inaganda imesimama pale pale. Ninachoogopa zaidi ni hatua inayofuata, pale mtu anapoona chupa haisaidii akaamua kutia chumvi kwenye maji yenyewe. Usithubutu. Figo za kuku haziwezi chumvi nyingi, utawaua. Hali kadhalika usitie kitu chochote cha kuzuia maji ya gari yasigande, ni sumu. Na kama unawatilia siki, usitumie chombo cha bati lililopakwa zinki, siki inaila zinki ile na kuku wanainywa.

Kuhusu taa ya shemeji yako, naomba unisikilize kwa makini. Taa ile ya wati 250 ikining'inizwa kwenye banda la mbao lenye maranda makavu na vumbi la manyoya ni moto unaosubiri siku yake. Mnyororo unaachia, au kuku anarukia, au vumbi linatanda kwenye balbu. Mabanda yanateketea hivyo kila msimu, na mengine yanaunguza na nyumba. Matetea wako wazima wana joto la mwili la karibu nyuzi 41 na koti la manyoya ambalo wewe na mimi hatuna. Hawaihitaji. Tena wakizoea joto la taa, halafu umeme ukakatika usiku wa baridi kali, ndipo utawapoteza.

Hata vile vitaa vya kujitengenezea chini ya drinka sivipendi tena. Msimu wangu wa kwanza nilitoboa kopo la bati la biskuti, nikaweka balbu ya wati 40 ndani, nikakalisha drinka ya bati juu yake. Kilifanya kazi vizuri, nikakiamini. Januari 2019 ilikuja ile baridi iliyoifikisha Minneapolis nyuzi 33 chini ya sifuri, na usiku huo balbu ikafa. Asubuhi sikwenda kuangalia mapema kwa sababu nilikuwa na uhakika. Nilipofika saa tano nilikuta matetea wamesimama kuizunguka drinka iliyokuwa jiwe, mmoja akidonoa barafu taratibu, na chakula chote cha asubuhi kikiwa hakijaguswa. Kuku wasipopata maji hawali. Nilikaa wiki mbili bila yai.

Kwa kuwa wewe unaondoka nyumbani alfajiri, kuku wako hawajashuka hata kwenye fito, nakuambia wazi kwamba karai na tairi vitakutosha siku za nyuzi tano, nane chini ya sifuri, lakini si wiki zile za Januari. Bora utumie umeme kidogo, kwa utaratibu. Kwa kuku sita mimi ningechagua bakuli la mbwa lenye hita ndani yake. Linatumia wati chache, mengi ni kati ya 25 na 60, lina themostati yake, yaani kidhibiti kinachowasha na kuzima chenyewe kufuatana na joto, na waya wake umezungushiwa springi ya chuma hivyo haudonoleki. Likalishe juu ya tofali moja au mawili ili mdomo wake ufike usawa wa mgongo wa kuku, na ule ubao wako wa matundu uutumie huku pia. Ukiwa na jogoo mwenye ndevu ndefu ningekushauri vingine, maana atazilowesha kila anapoinama, lakini matetea hawana shida hiyo sana.

Chaguo la pili ni sahani ya hita inayokaa chini ya drinka ya bati. Ya kawaida ni wati 125. Ikiwaka mfululizo usiku na mchana itakula uniti tatu kwa siku. Zidisha na bei ya uniti iliyoandikwa kwenye bili yako ujue. Drinka ya plastiki usiiweke juu yake, isipokuwa mtengenezaji ameandika kwamba inafaa. Chaguo la tatu ni ndoo yenye chuchu za kunyweshea ubavuni, vile vipini ambavyo kuku akividonoa vinatoa maji, na hita ndogo ya kuzamisha ndani ya ndoo. Maji yanabaki masafi ajabu. Ila nunua zile chuchu zinazolala ubavuni, si zile za chini ya ndoo, kwa sababu ya chini huachwa na tone linaloning'inia kwenye kipini cha chuma, na tone hilo likiganda chuchu imefungwa ingawa ndoo nzima ni maji.

Ukitaka kuokoa umeme, kuna adapta ndogo yenye themostati inayochomekwa kati ya soketi na waya: inawasha nje kukikaribia nyuzi 2 na kuzima kukifika 7. Usiku, ukishatoa chombo, chomoa kabisa.

Waya wa mita kumi na tano uwe mmoja, usiunganishe vipande. Uwe wa kutumika nje, wa pini tatu. Soketi ya ukutani iwe ile yenye vitufe viwili katikati vilivyoandikwa TEST na RESET, inakata umeme mara moja ukivujia kwenye maji. Kibonyeze cha TEST kabla ya kuanza, uone kweli inakata. Mahali waya unapoungana na plagi ya bakuli paning'inie juu, mbali na theluji, ndani ya kiboksi cha plastiki cha kuzuia maji. Baada ya saa moja ushike waya kwa mkono mtupu. Ukiwa wa moto, ni mwembamba mno, urudishe dukani.

Usitegemee theluji. Ni kweli utawaona wakiidonoa, na si vibaya, lakini kila kidonge cha theluji kinayeyushwa kwa joto la mwili wa kuku mwenyewe, na haitoshi kiu ya mtetea anayetaga. Yai likiwa na ganda lake, karibu theluthi mbili ya uzito wake ni maji.

Tukifika kwenye mayai, nisikudanganye. Si lazima yote yaliyopotea yamepotea kwa kiu. Mtetea anahitaji mwanga wa saa 14 hivi ili atage vizuri, na wewe sasa una saa tisa pungufu. Kwetu Mwanza mchana ni saa kumi na mbili Januari hadi Desemba, ndiyo maana jambo hili halituingii akilini kirahisi. Njia ya kutenganisha sababu hizo ni chakula. Matetea sita wanakula kama gramu 700 kwa siku. Pima asubuhi, pima kilichobaki jioni. Kisha usiku wakiwa kwenye fito, mpapase mmoja mmoja gole, kile kifuko cha chakula chini ya shingo. Aliyekula na kunywa gole lake limejaa na linabonyea kama unga uliokandwa. Aliyekosa maji ama ni tupu, ama ni gumu na kavu kama kifuko cha mahindi. Ukikuta wanakula gramu zao zote na gole ni laini lakini mayai hayarudi, basi ni mwanga, au wanabadilisha manyoya.

Anza leo jioni: toa drinka, tafuta karai na tairi wakati ukisubiri bakuli lifike. Asubuhi peleka maji ya vuguvugu ukiwa unatoka. Kama kuna mtoto anayerudi shule saa tisa, mpe kazi ya birika moja la maji ya vuguvugu kabla jua halijazama, kwa kuwa kuku hunywa sana kabla ya kulala kama wanavyokunywa wakiamka. Pima chakula kwa siku saba, kisha niandikie umri wa matetea wako na gramu ulizopata, nikuambie kama kuna haja ya kuwawekea taa ndogo ya alfajiri.